Nililipia "chumba cha mandhari" Lushoto, nikaamka naangalia tenki

Nyota tatu kati ya tano, na katika hizo tatu mbili ni za benchi la jikoni, ntaeleza. Jina la gesti silitaji kwasababu mwishoni walikuwa waungwana na sitaki kuwaharibia biashara, wenyewe wakisoma watajijua.

Tangazo lao lilinifikia kwenye grupu la watsap, picha ya milima na ukungu, chini imeandikwa vyumba visafi, maji ya moto, mandhari ya kuvutia. Nikapiga simu. Dada wa mapokezi akaniambia vyumba vya kawaida 45,000 kwa usiku, vya mandhari 65,000. Nikasema nipe cha mandhari siku tatu, yani mtu umetoka Dar umechoka na foleni na makelele, hiyo elfu ishirini ya juu unaona ndo dawa yenyewe.

Safari siirefushi, mnaijua. Basi asubuhi kutoka Mbezi, Chalinze, Segera, jioni jioni mnafika Mombo mnaiacha barabara kuu ya Arusha mnaanza kupanda, kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, upande huu mwamba upande huu bonde, Soni mnayaona maporomoko dirishani, masikio yanaziba yanazibuka. Ilikuwa mwezi wa 6. Nilishuka na tisheti. Lushoto iko juu kama mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari na mwezi wa 6 hautaniwi, bodaboda aliyenibeba alivaa koti la mvua juu ya sweta juu ya sweta jingine akawa ananicheka waziwazi.

Nikafika usiku nikalala. Asubuhi nikaamka na hamu zangu nikavuta pazia.

Tenki. Jeusi, lita elfu tano, limeandikwa kampuni yake kwa herufi nyeupe, liko kama mita mbili kutoka dirishani. Juu ya tenki kuna kipande cha mkaratusi, na pembeni ukibana shavu kwenye kioo unaona kamba ya nguo yenye shuka tatu za gesti. Basi. Nikakaa kitandani nikaliangalia lile tenki nikafanya hesabu, elfu ishirini mara tatu, elfu sitini, nalipia tenki.

Nikashuka mapokezi. Nikamwambia dada, samahani, mi nimelipia chumba cha mandhari. Akaniambia ndiyo kaka, si ndo hicho namba 6. Nikamwambia mle ndani kuna tenki. Akaniambia, kwa upole kabisa wala hakuwa na kiburi, "lakini kaka mandhari si ipo, ukitoka tu hapo nje ukageuka unaiona yote." Nikamwambia dada hiyo ya nje hata wa elfu arobaini na tano anaiona, hata bodaboda anaiona bure, mi nimelipia dirisha. Akafikiri kidogo. Akasema, "kwani wewe unavyoelewa mandhari ni nini?"

Sasa hapo ndo alinipata, maana nilifungua mdomo nikakuta sina jibu. Mandhari ni... mandhari. Milima? Uzuri wa mahali? Shuleni tuliambiwa ni mahali kisa kinapotokea, mnakumbuka yale maswali, jadili dhamira, wahusika na mandhari, af unaandika "mandhari ya riwaya hii ni kijijini" unapewa maksi zako. Kwenye simu yangu mandhari ni ile picha ya nyuma ya aikoni. Kwa hiyo kwa maana ya shule tenki nalo ni mandhari, kisa changu kimetokea hapo.

Kwenye meza ya pili alikuwepo mzee mmoja anakunywa chai ya tangawizi, kofia ya kiua, kazaliwa Tanga mjini lakini kafanya kazi Muscat miaka mingi sana, huwa anakuja Lushoto kila akirudi kwasababu anasema joto la kule alishalimaliza lake. Alikuwa anasikiliza. Nikamwambia shikamoo mzee wangu, marahaba mwanangu, kaa hapa, huyo binti kakuuliza swali zuri wewe umekasirika. Nikakaa. Na niseme ukweli nusu ya thamani ya hii gesti mi nimeipata kwenye hiyo meza, kwahiyo kama mnasoma hii kutafuta bei tu ruka chini kidogo.

Mzee akasema neno ni la Kiarabu, mandhar, na wingi wake kwao ni manadhir, na shina lake ni kutazama, nadhar. Kisha akaniuliza, ile ma ya mwanzo unadhani ni ya nini? Nikasema wingi, kama maji, maziwa, mazingira. Akacheka. Akasema hesabu basi: mahakama, pahala pa kuhukumu. Madrasa, pahala pa kusomea. Matbaa, pahala pa kupiga chapa. Maktaba, na hilo shina lake ni kuandika. Hiyo ma ni ya pahala. Waarabu wakitaka kujenga jina la pahala pa kufanyia jambo wanaibandika mbele ya shina, na mandhari imekatwa kwa kitambaa hichohicho. Kwa matumizi inaitwa kile kinachoonekana, sura ya kitu, lakini umbo la neno, anasema, ni umbo la pahala, pahala pa macho.

Mi nikakaa kimya kidogo. Maana kama ni hivyo basi mi nilikuwa sahihi! Mlima si wa gesti, mlima ulikuwepo kabla ya gesti na kabla ya Mjerumani aliyeuita huu mji Wilhelmstal kwa jina la mfalme wake. Gesti haiwezi kuniuzia mlima. Inachoweza kuniuzia ni pahala pa kusimama nikautazama, kiti, dirisha, roshani, ngazi mbili za kukalia, chochote. Wakinipa mlima bila pahala pa kuutazamia hawajanipa mandhari, wamenipa jiografia.

Nikajaribu kujifanya na mi najua, nikamwambia mzee kwahiyo hata nadhifu ni ndugu yake. Akakataa palepale, hapana, nadhifu ina f mwishoni, ukoo mwingine. Na nadhiri je? Nayo hapana, ile dh yake ni nyingine kabisa kwa Kiarabu, sisi kwa Kiswahili ndo tumezichanganya zikawa sauti moja. Ndugu wa kweli wa mandhari ni nadharia, yani vile unavyolitazama jambo kwa akili, na nadhari, neno la wazee, sa hivi hulisikii sana. Sijawahi kufikiria kama nadharia na mandhari zinatoka tumbo moja, miaka yote nimeona nadharia ni neno la wahadhiri na mandhari ni la matangazo ya mahoteli.

Af nikamuuliza kuhusu z, maana Dar nusu ya watu wanasema manzari, na mi mwenyewe nikiwa na haraka inanitoka. Akasema Muscat alifanya kazi na Wamisri ofisi moja, wao wakisema ni manzar, kwa z kabisa, Waomani wanasema kwa dh nzito. Waturuki wanaita manzara. Kiswahili kimeshika dh kwasababu sikio la pwani yetu liliisikia dh, ndo hiyohiyo iko kwenye hifadhi, dhahiri, dhuluma, adhuhuri. Kwahiyo anayesema manzari wala hajaleta maneno mapya duniani, kajikuta tu Cairo bila tiketi.

Kitu cha mwisho kabla sijarudi kwenye maji ya moto. Kwasababu ile ma si ya wingi, kamusi zinaliweka neno kwenye ngeli ya i-zi: mandhari hii, mandhari nzuri, mandhari inavutia. Lakini masikio yetu yakisikia ma yanakimbilia haya, mazuri, yanavutia. Getini kwao pale wameandika kwa rangi ya kijani KARIBU UONE MANDHARI MAZURI. Nikawa najiandaa kucheka, nikafungua simu yangu niliyoiweka Kiswahili, kwenye mipangilio ya skrini kumeandikwa Mandhari meusi. Meusi! Yule ambaye anataka kumsahihisha mchoraji wa bango la Lushoto aanze na wale wa simu. Mi nimeamua kuandika nzuri na kunyamaza nikisikia mazuri.

Haya sasa, baada ya chai nikaizunguka gesti nzima na kipimo cha mzee mkononi, sehemu kwa sehemu, je hapa ni pahala pa macho au sio.

Ghorofani kuna roshani, na hili nalo ni neno la wenyewe, Kiajemi, lina habari za mwanga ndani yake. Roshani yao ni pana, ina viti vinne vya plastiki na meza, imesakafiwa vizuri, imeangalia parking. Ukikaa pale unaona gari za wageni, geti na mgongo wa lile bango. Mlima uko nyuma ya kichwa chako. Aliyejenga alitaka mgeni akija aone nyumba nzuri na nyumba kweli ni nzuri ukiwa barabarani, ila ukishalipa ukaingia ndani inakugeuzia mgongo. Namba 1 mpaka 5 zimeangalia parking. Namba 6 tenki. Namba 7 na 8 ukuta wa jirani, jirani anajenga. Namba 9 ina kidirisha cha bafuni ambacho ukisimama juu ya ndoo unaona bonde zima, nilionyeshwa na kijana wa usafi, alisimama yeye kwanza kunionyesha namna ya kuweka mguu.

Nikaja jikoni nyuma. Pale nje ya mlango wa jiko kuna benchi la mbao lililopigwa misumari na fundi asiye na haraka, mguu mmoja umewekewa jiwe. Mama mpishi alikuwa kakaa anamenya viazi, beseni katikati ya miguu. Nikamsalimu, akanisogezea nafasi bila kuuliza nataka nini. Nikakaa.

Jamani.

Benchi liko ukingoni kabisa pale eneo linapoanza kuteremka. Chini yako matuta, kabichi, karoti, mstari wa migomba, paa la bati lenye kutu linatoa moshi kwenye nyufa zote kwa pamoja kama nyumba nzima inavuta sigara, af bonde, af upande wa pili mashamba mengine yamesimama karibu wima mpaka unajiuliza mtu analimaje pale bila kujifunga kamba. Ukungu ulikuwa haujapanda, umelala chini kwenye bonde na juu yake kuna jua, kwahiyo unauangalia ukungu kwa juu. Ulikuwa unaondoka kipande kipande, kila ukihama unakuta kuna nyumba pale ambayo dakika moja nyuma haikuwepo. Mama anamenya, maganda yanadondoka, hata haangalii. Nikamwambia mama hapa ni pazuri sana. Akasema "ndo penye mwanga, jikoni giza."

Kila asubuhi nilikaa pale kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Siku ya pili mzee naye akaja na kikombe chake. Hilo benchi ndo chumba cha mandhari cha hii gesti na hakiko kwenye orodha ya bei.

Sasa Irente, maana huwezi kwenda Lushoto usiende na watu wataniuliza. Kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kama we sio mtu wa mazoezi, unapita mashamba na vijumba watoto wanakusalimia mpaka unachoka kuitikia. Njiani kuna shamba la Irente la wale Walutheri wana jibini na jemu na mkate wao, nunua hapo usibebe chakula. Ukifika kwenye lile jabali la mwisho dunia inakatika. Namaanisha inakatika, karibu kilomita nzima kwenda chini, na huko chini kumenyooka kama meza, Mazinde, mistari ya mkonge, barabara kuu tuliyopita na basi imekuwa uzi na malori yanatembea juu yake kama wadudu wasio na sauti.

Wasambaa wenyewe nchi yao wanaitaja kwa sehemu mbili, Shambaai ni huku juu kwenye ubaridi na migomba, nyika ni huko chini kwenye joto na miiba. Nilishawahi kuyasikia hayo maneno nikadhani ni majina tu ya kwenye ramani. Ukisimama Irente unaelewa, mguu uko Shambaai na macho yako nyika, na mstari kati yao ni huo ukingo uliosimama. Nikawaza wale watu wa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, enzi hizo Vuga ikiwa makao yake, walikuwa hawahitaji neno la kusifia uzuri, walihitaji neno la kusema wapi ndizi zinaota na wapi hazioti. Huyo Kimweri ndo alimpokea Krapf mwaka 1848, yule mmishenari Mjerumani ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilikuja kuchapwa London mwaka 1882, yeye akiwa kafariki mwaka mmoja nyuma. Kwahiyo mtu wa kamusi alipanda hii milima kwa miguu, na mi nilipanda na basi nalalamika masikio yanaziba.

Ushauri wa Irente: nendeni jioni, kule kumeangalia machweo. Asubuhi ukungu unaweza kukufungia kabisa ukaona nyeupe tu. Siku niliyokwenda tulikuwa watu kama kumi na mbili na karibu wote tumegeukia jabali mgongo tunapiga selfi, pahala pa macho tumepafanya pahala pa visogo, na mi nilikuwemo, ninazo picha kumi na nne na katika zote nyika iko nyuma ya sikio langu.

Haya mambo mengine ya gesti fasta. Maji ya moto yapo lakini sio ya bomba, unaomba yanaletwa kwa ndoo, na yanakuja ya moto kweli, hapo hawajadanganya. Mablanketi mawili na bado uombe la tatu. Waifai ipo mapokezi tu. Chakula kizuri kuliko nilivyotegemea, makande yao ya jioni yana karoti na nazi kidogo, na chai ya tangawizi inakwaruza koo inavyotakiwa. Kifungua kinywa kimo kwenye bei: chapati, yai, parachichi nusu, hayo maparachichi yenyewe yanaanguka kwenye ua. Usafi hauna shida. Kelele za ujenzi wa jirani zinaanza saa mbili asubuhi, jumapili hakuna.

Siku ya kuondoka nikaenda kuaga mapokezi nikakuta meneja yupo. Nikamueleza, sio kwa hasira, ilishaniisha. Nikamwambia bosi elfu ishirini yako ya mandhari ni halali kabisa ila umeiweka kwenye vyumba na mandhari yako iko jikoni. Akadhani namtania. Nikampeleka nyuma. Mama akatusogezea. Meneja akakaa, na nilimwona kabisa kuwa hajawahi kukaa pale, alikuwa anaangalia kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya kwenye nyumba yake mwenyewe. Akakaa kama dakika tano simu inaita hapokei. Af akauliza tenki likihamishwa namba 6 itaona nini. Nikamwambia mkaratusi. Akacheka.

Alinirudishia elfu arobaini, akabakiza ishirini, anasema ya benchi. Nikaona ni haki.

Kwahiyo ukienda usilipie cha mandhari, chukua cha kawaida cha 45,000, omba namba 3 kina jua la mchana na hakiko karibu na mafundi. Blanketi la tatu omba mapema kabla hayajaisha. Na benchi ukitaka, amka kabla ya saa moja, salimia kwanza, na usikae upande wa kulia, ule mguu wenye jiwe unacheza na mama akisimama na beseni lake we unabinuka.